Dawa Ifike Zahanati: Homa ya Ini C na Wagonjwa wa Vijijini

  

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wenye dawa inayoponya kabisa, ambao bado unawaua watu, hasa wale wanaokaa mbali na mji. Ugonjwa huo ni homa ya ini aina ya C.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili, maana hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. Homa ya ini inayotajwa zaidi kwetu ni ile ya B. B ina chanjo, na watoto wetu wanaipata ndani ya ile sindano ya paja wanayoanza kuchomwa wakiwa na wiki 6. Lakini mtu mzima akishakuwa na B sugu, dawa zilizopo humtuliza tu, na wengi huzinywa kwa miaka na miaka. C ni kinyume chake. C haina chanjo, lakini C ina tiba. Nalirudia hilo kwa yule aliyekuwa anafunga mlango wa kuku: C haina chanjo, C ina tiba. Ni vidonge, kimoja au viwili kwa siku, kwa kawaida kwa wiki 12. Katika kila wagonjwa 100 wanaomaliza dozi, zaidi ya 95 wanapona. Na kupona ninakokusema ni kupona kweli: virusi havimo tena mwilini.

Sasa utaniuliza, kama dawa ipo, kwa nini watu bado wanakufa? Jibu langu, na ndilo nitakalolishikilia hadi mwisho wa mazungumzo haya, ni kwamba mgonjwa wa kijijini hafi kwa kukosa dawa duniani. Anakufa kwa sababu dawa, kipimo na mtaalamu vyote vimewekwa mjini, halafu yeye anaambiwa avifuate.

Hebu tuuangalie ugonjwa wenyewe kwanza. Virusi vya C husafiri kwa damu: damu ya mtu kuingia katika damu ya mwingine. Kwa hiyo havipatikani kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kulala chumba kimoja. Vinapatikana kwa sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Vinapatikana kwa damu ya kuongezewa isiyopimwa. Vinapatikana kwa wembe mmoja uliowachanja chale watu watano, kwa vifaa vya kuumika ambavyo havikusafishwa ipasavyo, kwa vijana wetu wanaojidunga na kuachiana bomba la sindano. Mama mjamzito naye anaweza kumwambukiza mtoto, ingawa si mara nyingi.

Vikishaingia, kwa baadhi ya watu mwili huvishinda wenyewe ndani ya miezi 6. Kwa walio wengi havitoki. Vinakaa, vinalila ini polepole, miaka 10, miaka 20, na mwenye navyo analima, anavua, anazaa, anasomesha watoto, hana habari. Siku dalili zinapokuja, ini limeshaanza kusinyaa: macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji, wengine wanatapika damu. Na hapo kijijini minong'ono inaanza. Amerogwa. Kalishwa kitu. Wengine wanasema ni pombe, hata kama marehemu mtarajiwa hakuwahi kuonja. Familia inauza mbuzi, inahangaika kwa waganga, kumbe kilichokuwa kinatakiwa miaka mingi nyuma ni tone la damu ya kidole.

Sasa, msikilizaji, twende Misri. Nataka tukae huko kidogo, kwa sababu kisa cha Misri kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Ninyi mlioko Ukerewe, Sengerema, ninyi wa Unguja na Pemba, mnakijua kichocho. Mnamjua mtoto anayekojoa damu kwa sababu ya kuoga katika maji yenye konokono wa kichocho. Leo mtoto huyo anasimamishwa shuleni mbele ya ubao wenye alama, anapimwa urefu, anahesabiwa vidonge vyake vya prazikwanteli, basi. Wakulima wa bonde la Nile nao walikuwa na kichocho, tena kingi mno, maana wanashinda miguu ndani ya mifereji ya kumwagilia mashamba. Lakini kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa yao haikuwa kidonge. Ilikuwa sindano ya mshipa yenye madini ya antimoni, na haikuwa moja. Mgonjwa alitakiwa achomwe mara 12 hadi 16, kwa wiki kadhaa.

Ione hali hiyo akilini. Serikali imeleta kampeni kijijini. Watu wamepanga foleni, baba mbele, watoto nyuma, wamekunja mikono ya kanzu. Mabomba ya sindano ni ya kioo, si haya ya plastiki ya kutumia mara moja na kutupa. Yako machache, watu ni wengi. Bomba linamchoma huyu, linarudi kwenye maji ya moto, halijachemka vya kutosha, linamchoma yule. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Virusi vya C vyenyewe vilikuwa havijatambuliwa. Vilikuja kutambuliwa mwaka 1989, na mwaka 2020 wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wale wanakijiji wa Misri walikuwa wanapona kichocho huku wakibeba kitu kingine wasichokijua. Mwaka 2008, uchunguzi wa kitaifa wa afya ulipowapima watu wa umri wa miaka 15 hadi 59, karibu 15 katika kila 100 walionekana damu yao imewahi kukutana na virusi vya C. Na vijijini hali ilikuwa mbaya kuliko mjini.

Naomba utulie hapo kidogo, msikilizaji. Waliopata ugonjwa ule ni watu waliotii wito wa serikali. Walioitwa wakaja, walioambiwa warudi wakarudi. Ndiyo maana mimi huumia ninaposikia mtu mwenye homa ya ini anasimangwa, anaulizwa alikuwa anafanya nini hadi akaipata. Mzee wa kijiji cha Misri alikuwa anatibiwa. Na kijana aliyejidunga, huyo naye ni mgonjwa, na dawa inamponya sawasawa na mwingine yeyote.

Turudi kwenye dawa. Vidonge hivi vipya vilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, na bei yake ilikuwa ya kutisha: dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa dozi nzima. Misri haikukubali bei hiyo. Ilikaa mezani na kampuni ya dawa hiyo, na mwaka 2014 ikapata dozi nzima kwa dola 900. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe vikaanza kuitengeneza, bei ikashuka chini ya dola 100. Hapo ungesema mambo yamekwisha, siyo?

Hayakwisha. Vituo vya tiba vilikuwa mijini, na kujiandikisha kulifanyika kwa intaneti. Waliotangulia kupata ni wale waliokuwa tayari wanajijua kuwa ni wagonjwa na wenye namna ya kufika. Mkulima asiyejua kusoma, asiye na dalili yoyote, atajiandikisha vipi kwa ugonjwa asioujua? Hapo ndipo madaktari wa Mansoura, mji ulioko katika delta ya Nile, wakiongozwa na Profesa Gamal Shiha, walipogeuza safari. Mwaka 2015 walianza na kijiji kimoja kiitwacho Al-Othmanya. Hawakuanza na sindano wala vidonge. Walianza kwa kuelimisha, wakiwatumia watu wa kijiji kile kile, waliofundishwa na kutumwa mlango kwa mlango. Kisha wakapima. Waliokutwa na virusi wakachunguzwa ini, wakapewa dawa, wakafuatiliwa hadi mwisho, na wenyeji wakachangia gharama.

Kutoka kijiji kimoja wakaenda hadi vijiji 73. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliostahili kupimwa walikubali kupimwa. Waliotibiwa, 98 katika kila 100 walipona. Mimi takwimu ya kwanza ndiyo inayonigusa zaidi. Mara ngapi tunaambiwa kwamba watu wa vijijini ni wagumu, hawaelewi, hawataki kupimwa? Watu wale wale waliowahi kudhurika na kampeni ya sindano walikubali kutoa kidole, kwa sababu aliyebisha hodi alikuwa jirani yao, na kwa sababu waliambiwa kwamba atakayekutwa anao atatibiwa.

Baadaye nchi nzima ikafuata. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri ilipima watu wazima karibu milioni 50, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Najua kuna msikilizaji anasema moyoni, sawa, lakini kijijini kwetu hakuna daktari bingwa wa ini. Ni kweli. Na huyo bingwa hatakuja kesho. Kwa hiyo sasa nakupeleka mbali zaidi, katika jimbo la New Mexico huko Marekani.

Usidhani Marekani yote ni maghorofa. New Mexico ni jimbo kubwa, lenye jangwa na milima, lenye wananchi wengi maskini na vijiji vilivyotawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wa C walikuwa maelfu kwa maelfu, na mtu aliyetaka kumwona bingwa katika chuo kikuu kilichoko mji wa Albuquerque alisubiri miezi 8. Bingwa huyo alikuwa Dakta Sanjeev Arora. Amewahi kusimulia juu ya mama mmoja, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, aliyemjia na watoto wake wawili baada ya kuendesha gari zaidi ya kilomita 300. Mama huyu alikuwa ameambiwa miaka mingi kabla kwamba ana C. Hakwenda kutibiwa, kwa sababu tiba ya wakati ule ilimtaka asafiri kwenda mjini tena na tena, na hakuwa na namna ya kuacha kazi. Alipofika, saratani ya ini ilikuwa imekwisha kushika. Alifariki miezi michache baadaye.

Kumbukeni kwamba wakati huo dawa hizi nyepesi zilikuwa bado. Tiba ilikuwa sindano za kila wiki pamoja na vidonge, hadi wiki 48, na ilimwangusha mtu: homa, damu kupungua, huzuni nzito ya moyo. Ilihitaji uangalizi wa karibu. Sasa Arora alifanya nini? Mwaka 2003 alianzisha mpango uitwao ECHO. Kila wiki, kwa simu na kwa video, madaktari na wauguzi wa vituo vya vijijini na vya magerezani walikutana na mabingwa wa chuo kikuu. Muuguzi wa kijijini anaeleza: nina mgonjwa wa umri huu, uzito huu, vipimo vyake hivi, bila kumtaja jina. Bingwa wa ini anatoa ushauri, mfamasia anaongeza, daktari wa magonjwa ya akili anaongeza, na wengine wote wanasikiliza na kujifunza. Bingwa hachukui mgonjwa. Ni kama fundi cherehani mkongwe anavyomsimamia kijana wake: hamshonei nguo, anasimama nyuma yake hadi mshono unyooke.

Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa. Walilinganisha wagonjwa waliotibiwa chuo kikuu na wale waliotibiwa vijijini na magerezani kwa njia hii. Chuo kikuu walipona takriban 58 katika kila 100. Vijijini na magerezani walipona takriban 58 katika kila 100. Sawasawa! Na madhara makubwa ya dawa yalikuwa machache zaidi kwa wale waliotibiwa karibu na kwao. Mimi silishangai hilo. Mgonjwa anayemjua muuguzi wake atamwambia mapema kwamba usiku halali, kwamba mkojo umebadilika rangi. Kwa bingwa wa mbali atanyamaza mpaka tarehe ya miadi.

Sasa jiulize, msikilizaji. Ikiwa tiba ile ngumu, ya sindano za mwaka mzima, iliweza kusimamiwa na wahudumu wa vijijini, je, hii ya kidonge cha wiki 12 itashindikana? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi katika mwongozo wake: upimaji na tiba ya C vifanyike katika ngazi ya chini ya huduma, vichanganywe na huduma nyingine, na wauguzi na madaktari wasio mabingwa waruhusiwe kutibu.

Jirani zetu Rwanda hawakusubiri. Desemba 2018 walitangaza mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu, wa kwanza kusini mwa Sahara, na wakashusha upimaji na dawa kuelekea kwenye vituo vya afya, wakijua kwamba wengi wenye ugonjwa ni wazee. Na wao wametufundisha jambo moja zito. Vidonge hivi vilijaribiwa kwanza zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Wataalamu walipovijaribu kwa wagonjwa 300 huko Kigali, walipona 87 katika kila 100. Ni wengi, lakini si wengi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu baadhi yao walikuwa na aina ndogo ya virusi vya C iliyoko ukanda ule, ambayo mchanganyiko ule wa dawa haukuimudu vizuri. Wale ambao hawakupona walipewa mchanganyiko mwingine baadaye, na karibu wote wakapona. Kama Wanyarwanda wasingefanya utafiti wao wenyewe, nani angejua?

Tuje kwetu. Je, tuanze kujenga majengo mapya? Hapana. Angalia vilivyopo. Ile mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu katika hospitali nyingi za wilaya inaweza pia kupima wingi wa virusi vya C, ikiwekewa katriji yake. Yale matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga, njia hiyo hiyo inatumika kwa C. Mhudumu wa afya wa kijiji anayefuatilia dawa za kifua kikuu nyumba kwa nyumba anaweza kufuatilia na hizi. Zamani ilibidi kunyofoa kipande cha ini kwa sindano ndefu ili kujua limeharibika kiasi gani. Siku hizi vipimo vya kawaida vya damu, pamoja na umri wa mgonjwa, vinatoa makadirio ya kutosha kuanza tiba. Linalobaki ni uamuzi: vidonge viagizwe, visambazwe hadi vituo vya afya, na mwananchi asilipishwe nauli ya mkoani kwa ajili ya kidonge kinachokaa mfukoni. Mbunge akija kwenye mkutano, hilo ni swali la kumuuliza. Diwani naye aulizwe.

Kabla sijawaaga, mambo ya kushika, maana najua wengine watakwenda kupima.

Kipimo cha kwanza, kile cha kuchoma kidole, kinaonyesha tu kwamba mwili wako umewahi kukutana na virusi vya C. Hakisemi kwamba unavyo leo. Mwili huweka kumbukumbu ile hata baada ya kupona. Kwa hiyo ukiambiwa kipimo kimeonyesha, usilie, na usikubali kuandikiwa dawa papo hapo. Omba kipimo cha pili, cha virusi vyenyewe. Nasisitiza: kipimo cha pili. Wako watu wanaoishi na hofu miaka mingi kwa karatasi ya kipimo cha kwanza peke yake.

Ukikutwa navyo kweli, kabla ya kuanza vidonge hakikisha umepimwa pia homa ya ini B, kwa sababu C ikiondoka, B iliyokuwa imelala inaweza kuamka. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu, mwambie muuguzi, usifiche: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huvunja nguvu ya vidonge vya C. Dawa za mitishamba nazo zitaje, hata kama amekupa bibi yako.

Maliza wiki zako 12, hata ukijisikia mzima wiki ya pili. Kisha, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, rudi upimwe tena kile kipimo cha virusi. Wakisema havipo, umepona. Kupona hakukukingi na maambukizi mapya, kwa hiyo wembe wako uwe wako, na sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Na kama ini lilikuwa limeshasinyaa kabla ya dawa, endelea kuchunguzwa kila miezi 6, kwa sababu saratani bado inaweza kutokea.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutaendelea na ndugu yake, homa ya ini B, na hasa mama mjamzito na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kwanza. Wenye maswali yaandikeni, tutayasoma hewani. Usiku mwema.